Ukuta wa Salgaa na Soko la Londiani

Ukitoka Nakuru mjini kuelekea magharibi, majina ya vituo unavyovipita ni majina ya misiba. Salgaa. Migaa. Sachangwan. Ukifika Mau Summit barabara inagawanyika, kulia inakwenda Eldoret na Malaba, kushoto Kericho na Kisumu. Ukishika ya kushoto utafika Londiani Junction, na ukikata kona hapo kwenda Muhoroni utaipita Fort Ternan. Sachangwan, Januari 2009, walikufa watu zaidi ya 100. Migaa, Desemba 2017, watu 36. Fort Ternan, Oktoba 2018, zaidi ya 50. Londiani Junction, Juni 2023, zaidi ya 50 tena. Misiba minne, roho zaidi ya 230, na yote ilitokea katika nchi ile ile ya mlima ambayo basi huivuka kwa saa chache.

Matangani huwa tunaambiana kwamba ajali haina kinga. Mimi sikubali kwamba msemo huo unawahusu wafu wa barabara hii. Maafa yanayorudi sehemu moja kwa namna moja yana kinga, na kwa hakika kinga moja imeshajengwa papa hapa na tunapita kando yake kila siku.

Kwanza mlima wenyewe. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Barabara inapanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, kisha inaanza kuteremka hadi Kisumu, ambako ziwa liko mita 1,130 hivi. Lori linalorudi kutoka Malaba linaishukia Nakuru. Lori linalopeleka mzigo Kisumu, Busia au Isebania kwa njia ya Kericho linashuka upande wa pili. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori pamoja na mzigo wake kufikia tani 56. Uzito huo ukiwa juu mlimani lazima ushuke, na kitu pekee kinachouzuia usishuke kwa kasi yake wenyewe ni breki na injini.

Breki hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Dereva akishuka mteremko mrefu huku mguu uko kwenye breki dakika baada ya dakika, joto linapanda mpaka breki zinaacha kushika. Anakanyaga, na gari halisikii. Wengi wanaposoma kwamba lori "lilikosa breki" hudhani kuna kitu kilikatika au fundi alizembea. Mara nyingine ni hivyo kweli. Lakini hata breki nzima, iliyokaguliwa wiki jana, inaweza kuishiwa nguvu katika mteremko mrefu ikitumiwa peke yake. Ndiyo maana dereva aliyefundishwa vizuri huingia gia nzito kabla ya kuanza kushuka, injini ikaubeba ule uzito, na breki akazigusa kwa vipindi tu.

Hapo ndipo tabia ya Salgaa ilipoleta balaa. Kwa miaka mingi madereva wa malori walijulikana kwa kuweka gari niutro wakianza kushuka, lijiviringie lenyewe, ili dizeli isiungue. Lita zilizobaki ziliuzwa kando ya njia. Dereva anayelipwa kidogo, anayekaa siku nyingi barabarani na ambaye posho yake haitoshi chakula na kitanda, aliona lita kumi kuwa ni nyongeza ya mshahara. Akiweka niutro, injini imejitoa kazini. Tani zote zimeachiwa breki, na breki zinachemka. Simtetei dereva huyo hata kidogo. Nasema tu kwamba mwenye lori aliyepanga malipo hayo, na ambaye hakanyagi Salgaa, naye ana sehemu yake katika hesabu hii, na sijawahi kuona msako wa polisi ukimfikia.

Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi lililotoka Busia kwenda Nairobi liligongana uso kwa uso na lori pale Migaa. Watu 36 wakafa siku ya kufunga mwaka, wengi wao wakirudi mjini baada ya Krismasi nyumbani. Serikali ilijibu haraka. Mabasi ya masafa marefu yalipigwa marufuku kusafiri usiku. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliagiza maafisa wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, waondoke barabarani na kuwaachia polisi wa trafiki kazi hiyo. Marufuku ya usiku haikudumu.

Kilichodumu ni zege. Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, ilijenga ukuta wa zege katikati ya barabara katika mteremko wa Salgaa na Sachangwan, ukatenga magari yanayopanda na yanayoshuka. Ukuta haupokei kitu kidogo wala hauendi likizo, na saa tisa usiku uko macho kama saa tisa mchana. Lori likiponyoka sasa litaparuza zege, litapinduka, huenda dereva na tanboi wake wakafa, na hilo nalo ni msiba. Lakini halivuki kwenda kulibomoa basi lenye abiria sitini. Tangu usimame, mteremko huo haujaona tena msiba wa ukubwa wa ule wa Migaa. Ajali zingali zinatokea. Tofauti ni idadi ya wanaokufa kwa pigo moja.

Sweden ilifika kwenye fikra hiyo hiyo mwaka 1997, bunge lake lilipopitisha kwamba barabara ijengwe kwa kujua kuwa binadamu atakosea, na kosa lake lisiwe hukumu ya kifo. Wakaweka vizuizi vya nyaya katikati ya barabara zao. Sisi tumeifanya kazi hiyo Salgaa kwa mikono yetu. Kisha tukasahau kuuliza mteremko wa pili una nini.

Mteremko wa pili ulikuwa na soko.

Jioni ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena likitokea upande wa Nakuru lilipoteza mwelekeo karibu na Londiani Junction. Liligonga matatu, likagonga boda boda, likaingia katikati ya watu waliokuwa wakiuza na waliokuwa wakisubiri gari. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wengi wao hawakuwa safarini kabisa. Walikuwa kazini, wamesimama pale pale walipokuwa wamesimama jana na juzi.

Napenda tuelewe kwa nini walikuwa pale, kwa sababu jibu la haraka, kwamba wachuuzi ni wakaidi, limetuchelewesha sana. Londiani Junction ni njia panda. Anayetoka Kisumu anashuka hapo abadilishe gari, anayekwenda Londiani mjini au Muhoroni anasubiri hapo. Nchi ya juu hii inalima viazi, kabichi na karoti, na basi la kwenda Kisumu au Kakamega likisimama abiria wananunua gunia la ushago. Matatu zinapunguza mwendo hapo, kwa hiyo mama mboga anapanga mafungu yake hapo. Boda boda wanaegesha hapo kwa sababu abiria wanashukia hapo. Hakuna aliyeketi akapanga liwe soko. Serikali ilijenga njia panda, na biashara ikafuata watu, jinsi inavyofuata watu Awasi, Ahero, Kibunja na kila steji ya barabara hii.

Mtu akishafahamu hilo ataona kwamba hatari ilikuwa inaonekana kwa macho. Upande mmoja kuna mteremko mrefu wenye malori mazito, na unakofikia pana umati wa watu wasio na hata kizingiti kati yao na lami. Barabara ya Mau Summit hadi Kericho ilipokarabatiwa miaka ya 2010, lami ikawa safi na mwendo ukapanda. Umati ukabaki mahali pake.

Baada ya msiba, Waziri wa Barabara na Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, alisema wachuuzi waondolewe kandokando ya barabara kuu. Agizo hilo lilikuwa na sababu yake, lakini liligonga ukuta ambao haukujengwa na zege. Kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, masoko ni kazi ya serikali ya kaunti. Barabara kuu, pamoja na akiba yake ya ardhi, ni mali ya serikali ya kitaifa chini ya KeNHA. Kaunti ikijenga soko, italijenga penye kiwanja chake, huenda mbali na steji, na mama mboga atakaa humo siku tatu bila mteja kisha arudi barabarani. KeNHA inaweza kubomoa vibanda, lakini haina mamlaka ya kujenga soko. Kila upande unaweza kusema kweli kwamba umefanya sehemu yake, na mtu bado amekaa hatua tano kutoka lami.

Dawa yake si ngumu kuitaja. Steji na soko vihame pamoja. Abiria wakishushwa ndani, kwenye barabara ya pembeni iliyotengwa kwa kizuizi, mchuuzi atawafuata bila kufukuzwa na askari yeyote. Hilo linahitaji mkataba mmoja kati ya KeNHA na kaunti, bajeti moja, na ramani moja. Na juu yake, kabla ya njia panda, ijengwe njia ya kuokolea malori, yaani tawi la barabara linalopanda kando, lililojazwa kokoto laini zenye kina, ambalo dereva aliyeishiwa breki analichepukia na magurudumu yakazama. Marekani wanazo nyingi katika milima yao, Afrika Kusini pia wanazo. Dereva wa Londiani jioni ile, hata kama angekuwa mwangalifu kuliko wote nchini, angechepukia wapi?

Fort Ternan ina somo lake tofauti kidogo. Alfajiri ya tarehe 10 Oktoba 2018, basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega liliacha njia kwenye mteremko, likabingirika, paa likang'oka. Lilikuwa limejaza kupita kiasi, na polisi walisema baadaye kwamba halikuwa na leseni ya kusafiri usiku. Ni kweli dereva na mwenye basi walivunja sheria. Lakini kutoka Nairobi hadi hapo ni safari ya saa nyingi, na njiani vizuizi vya polisi si haba. Basi refu lenye abiria waliosimama halifichiki kwenye mwanga wa tochi. Msafiri yeyote wa usiku wa kwenda Kisumu, Kakamega au Busia anajua kinachotokea kondakta akishuka mlangoni na kurudi ndani baada ya nusu dakika. Novemba mwaka huo ukaja msako mkubwa wa kurudisha kanuni za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa zamani, zile zilizoanza kutumika Februari 2004 na kuleta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Siku ya kwanza watu walitembea kwa miguu kwa sababu matatu zilikuwa zimejificha. Baada ya muda matatu zikarudi vile vile.

Tumefuata mtindo huo miaka yote. Mwaka 2013, baada ya basi kuua watu 41 Ntulele, Narok, ikaja marufuku ya usiku. Mwisho wa 2017, marufuku nyingine. Mwaka 2018, msako. Kila mara serikali inamwendea dereva, kwa sababu dereva anakamatika kesho asubuhi na picha yake inatoka kwenye habari ya saa moja. Ukuta unachukua miezi, soko linachukua miaka, na hakuna waziri anayepigwa picha amesimama kando ya kokoto. Wenzetu wa Pwani wameishi na jambo hili kwa namna yao. Kivuko cha Mtongwe kilipozama tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walikufa ndani ya chombo kilichojaa kupindukia, kwa sababu walikuwa na kazi ya kuwahi ng'ambo na hapakuwa na njia nyingine. Aliyepanda kivuko kile na aliyesimama Londiani walikuwa na hali moja. Wote wawili walikuwa mahali ambapo riziki iliwalazimu kuwa, chini ya usimamizi wa taasisi zilizojua hatari.

Kuna pia moto. Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka na wanakijiji wakaja na mitungi na ndoo. Mafuta yakashika moto. Zaidi ya mia moja walikufa, baadhi wakazikwa katika kaburi la pamoja kwa sababu hawakutambulika. Nchi nzima ililia, na tukaambiwa kwamba watu wamejifunza. Julai 2021, pale Malanga, Gem, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, lori la mafuta likagongana na lori la maziwa, watu wakaja na mitungi, likalipuka. Zaidi ya kumi walikufa. Miaka 12 ilikuwa imepita, na mtoto aliyekuwa na miaka sita wakati wa Sachangwan alikuwa sasa kijana wa miaka kumi na minane mwenye mtungi. Mahubiri kuhusu tamaa hayamfikii, kwa sababu anachokiona ni shilingi elfu moja inayomwagika shimoni. Anayeweza kumwokoa ni mtu wa kwanza kufika pale mwenye mamlaka ya kufunga eneo, na mara nyingi polisi na zima moto huwa mbali, wakati umati uko hapo hapo.

Mafuta yale yangeweza kusafiri kwa bomba kwa sehemu kubwa. Bomba linafika Nakuru, Eldoret na Kisumu tangu miaka ya 1990. Mizigo mingine nayo ingeweza kupanda mlima kwa reli. Garimoshi lilifika Kisumu mwaka 1901, kabla ya lori lolote kuonekana nchi hii. Reli mpya kutoka Mombasa imeishia Naivasha tangu 2019, na kutoka hapo tunategemea reli ya zamani na malori. Kila kontena linalotua Kilindini na kupanda mlima huu kwa lori ni kontena litakalopita juu ya vichwa vya watu wa Salgaa au Londiani. Hilo ni suala la usalama wa barabara, hata kama linajadiliwa katika wizara kama suala la deni na biashara.

Agosti 2025, Kisumu, kwenye mzunguko wa Coptic, basi la shule lililokuwa limebeba waombolezaji kutoka mazishini liliacha barabara na kuanguka. Zaidi ya watu 20 wakafa, wengi wa ukoo mmoja. Hapa magharibi mazishi ni safari. Familia haina pesa za kukodi basi la kampuni, kwa hiyo inaomba basi la shule, na shule inatoa kwa sababu ni jirani. Sioni mtu wa kumlaumu katika ombi hilo. Lakini mzunguko unaofikiwa kwa kasi na usio na kitu cha kulizuia gari lisitumbukie mtaroni ni kazi ya mhandisi, na mhandisi ana mwajiri.

Nimeyataja makubwa kwa sababu ndiyo tunayoyakumbuka. Ukweli mchungu zaidi ni kwamba takwimu za NTSA kwa mwaka 2024 zilionyesha watu 4,748 waliokufa barabarani nchini, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la watu wa miguu, kisha waendesha pikipiki na abiria wao. Wanakufa mmoja mmoja. Mwanafunzi anavuka Nyamasaria jioni. Boda boda anaparamia trela la miwa lililoharibika gizani karibu na Chemelil au Mumias, bila taa, limewekewa matawi tu nyuma. Hakuna waziri anayeruka kwa helikopta kwa ajili yao. Lakini dawa yao inafanana na ya Salgaa. Njia ya miguu iliyotengwa, taa, kivuko cha juu kilichowekwa mahali watu wanapovuka kweli, na sheria ya kiakisi mwanga inayosimamiwa kwenye lango la kiwanda cha sukari, trela likitoka, kabla halijafika lami.

Sasa kuna jambo linalonikosesha usingizi. Novemba 2025 serikali ilizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, njia mbili kila upande au zaidi, italipiwa na madereva watakaoitumia. Ni habari njema kwa anayekwama Naivasha kila Desemba, na itaweka kitenganishi cha katikati mahali pengi ambapo leo kuna mstari wa rangi tu. Lakini iangalieni inapoishia. Inaishia Mau Summit. Lori na basi vitafika kileleni vikiwa vimezoea mwendo wa barabara pana, dereva ameokoa saa nzima na anataka kuokoa nyingine, kisha vitamiminwa kwenye barabara yenye njia moja tu kila upande inayoteremkia Londiani, Kericho na Fort Ternan. Tutakuwa tumeuondoa msongamano upande wa kupanda na kuongeza kasi upande wa kushuka, katika upande ule ule wa mlima uliokwisha kutuua mara mbili katika miaka mitano.

Pesa za ada zitaanza kukusanywa kabla watu wa Londiani hawajapata chochote. Wabunge na maseneta wa Kericho, Nakuru na Kisumu wanakaa kwenye kamati zinazopitia bajeti ya barabara. Wawaulize KeNHA na wizara, kwa maandishi, ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ukuta wa katikati, njia za kuokolea malori na steji mpya ya Londiani Junction, kazi hiyo itaanza mwezi gani, na ni afisa yupi atakayeitwa na kamati ikiwa mwezi huo utapita bila kazi kuanza.